Mwenye Accessories wa Kisian

Wechuli alifika Kisian akitokea Bungoma na begi moja na ujuzi wa kutengeneza spika za simu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepata vitu viwili ambavyo hakuvitazamia: mke, na neno la Kiingereza.

Mke alikuwa Caren, mwalimu wa chekechea, binti wa Mama Dorca wa upande wa ziwani. Neno lilikuwa accessories. Alilipata kwa mchoraji wa mabango kutoka Kaloleni, ambaye alipoambiwa aandike "Simu na Vitu Vyake" alicheka akasema hakuna mteja atakayesimamisha pikipiki kwa ajili ya vitu vyake.

"Wacha niandike Phones and Accessories," mchoraji akasema. "Hiyo ndiyo lugha ya biashara."

"Lakini accessories ni nini hasa?"

"Ni vile vitu vya kufuata simu. Si simu ndiye bosi? Sasa chaja, kava, earphone, ile glasi ya kuzuia kioo kisipasuke, hao wote ni wafuasi wa bosi."

Wechuli akakubali. Kusema kweli, simu zenyewe hakuwa nazo. Kibanda chake kando ya barabara ya Busia kilijaa wafuasi watupu, wananing'inia kwenye misumari kama samaki waliokaushwa, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kufuata. Kanisani aliimba sauti ya pili. Kwa wakwe alikaa karibu na mlango, akachangia mazungumzo kwa kuitikia. Watu wa Kisian wakamzoea hivyo, wakamwita Accessories, naye akaitika.

Katika nyumba ile ya wakwe, aliyemfanya ajisikie nyumbani tangu siku ya kwanza alikuwa Byron, kitindamimba, mdogo wake Caren. Byron ndiye aliyemfundisha Kiluo cha kununulia samaki na cha kutaniana. Siku ya harusi, gari la ndugu zake Wechuli lilipoharibikia njiani, ni Byron aliyevuka upande wa pili wa hema akasimama naye peke yake, akasema kwa sauti, "Leo mimi ni Mbukusu kama yeye, msiniulize." Wechuli hakulisahau jambo lile.

Byron alifanya kazi kwenye boti ya Obiero katika ufuo wa Ogal. Hakuwa nahodha. Alikuwa mtu wa injini, na ilisemekana kwamba aliweza kuisikia ikikohoa na kujua ni plagi ipi imechoka.

Sasa Jumamosi moja alasiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha, Byron alifika kibandani kwa bodaboda, amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa gunia.

"Shemeji, niwekee hii mpaka wiki ijayo."

"Ni nini?"

"Injini. Inangoja spea."

Wechuli akashika upande mmoja, wakaiingiza pamoja nyuma ya kaunta. Gunia lilinuka petroli na maji ya ziwa. Byron hakukaa kunywa chai kama kawaida yake. Aliagana kwa haraka, na Wechuli akarudi kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

Kesho yake, baada ya ibada, watu walikuwa wamesimama chini ya paa la kanisa wakizungumza habari moja tu. Injini ya Obiero imeibiwa kutoka kwenye banda la ufuoni. Obiero mwenyewe alikuwepo, mzee mrefu mwenye kofia mkononi, akieleza kwa upole kama mtu anayesimulia msiba. Mtu mmoja akauliza, na Byron yuko wapi? Mwingine akajibu kwamba Byron hajaonekana tangu jana, na kwamba wiki iliyopita Obiero alimpa mpwa wake unahodha ambao Byron alikuwa ameahidiwa tangu zamani.

Wechuli akaikumbuka injini iliyokuwa nyuma ya kaunta yake. Obiero alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuweza kumshika mkono. Angeweza kusema, Mzee, njoo tuongee kando. Badala yake alimtafuta Caren kwa macho, akamwona anacheka na wanawake wenzake, akanyamaza. Jumatatu asubuhi alifungua kibanda mapema kuliko siku zote, akalifunika lile gunia kwa turubai kuukuu, kisha akapanga maboksi ya chaja juu yake mpaka likatoweka. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Alipomaliza alikaa kwenye stuli, akajipangusa jasho, na siku nzima hakuweza kutengeneza chochote.

Jumanne polisi walifika, konstebo kijana na sajini wa kike aliyeitwa Nasambu. Mwenye bodaboda alikuwa ameulizwa mzigo ule aliushusha wapi, naye akapataja mahali, ingawa alidai hamfahamu abiria mwenyewe. Hawakupiga kelele wala kusukuma mtu. Konstebo aliondoa maboksi moja moja, akayapanga vizuri pembeni, akavuta turubai.

"Bwana Wechuli," sajini akasema, "hii ni mali ya Obiero. Aliyeiiba hatujamshika. Lakini wewe, kwa vile tumeipata imefichwa hivi, wewe ni accessory."

Wechuli alimtazama. Kichwa kilikuwa kimejaa moshi.

"Ndiyo, madam," akajibu. "Ndizo nauza. Unataka chaja ama kava?"

Konstebo akageuza uso kuelekea barabarani, mabega yakitikisika. Sajini Nasambu hakucheka. Alitazama juu, kwenye bango la kibanda, kisha akamtazama tena Wechuli, na sauti yake ikashuka.

"Si hiyo. Twende kituoni nitakueleza."

Kituoni alimpa kiti. Aliposikia jina lake lote na kijiji alikotoka, alimwamkua kwa lugha ya kwao, "Mulembe," naye Wechuli akaitikia, lakini baada ya hapo sajini akarudi kwenye Kiswahili, akakaa huko.

"Sikiliza. Kwenye wizi kuna mwizi. Huyo ndiye mtu wa kwanza. Halafu kuna yule anayekuja baada ya jambo kutendeka, akajua kwamba limetendeka, akamsaidia mwizi asishikwe. Sheria inamwita accessory after the fact. Tuseme mwizi ndiye simu. Wewe ni kava."

"Na kama sikujua?"

"Kama hukujua, wewe si kava. Wewe ni rafu tu ambayo kitu kimewekwa juu yake, na rafu haina kesi." Akaegemea mbele. "Ulijua?"

Nje mtu alikuwa akifagia uani, ufagio unakwaruza kokoto taratibu.

"Sitaki uniambie uongo leo, halafu ubaki ukiulinda," sajini akasema. "Nenda nyumbani. Ijumaa asubuhi uje uandikishe taarifa. Ukweli mtupu."

Aliachiliwa kwa dhamana, na aliyekuja kumdhamini alikuwa Mathews, jirani yake, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya karibu. Walirudi kwa miguu, maana Wechuli aliomba watembee.

"Mwalimu," hatimaye Wechuli akauliza, "hawa Waingereza walikosa maneno? Kava ya simu ni accessory. Na mtu wa kupelekwa kortini pia ni accessory. Inakuwaje?"

Mathews alikuwa mtu wa kujibu swali kama alivyoulizwa, bila kuongeza mahubiri. Akafikiri kidogo.

"Angalia hivi. Bibi harusi ana mkoba na mkufu. Ukiviondoa, bado ni bibi harusi. Harusi haikuvihitaji, ila vikiwepo inapendeza. Hizo ni accessories. Sasa wizi pia ungefanyika bila wewe. Ulikwisha kufanyika. Lakini ulipoingia, ukarahisika. Wewe si wizi wenyewe, ila umeshikamana nao. Ndiyo maana ni neno moja: kitu cha pili, kilichoungana na kitu cha kwanza. Na ukichimba mzizi wake, wa Kilatini huko, maana yake ni kusogea karibu."

"Kusogea karibu."

"Ndiyo. Kile kilichosogea karibu na kingine."

Wechuli hakusema zaidi. Aliiona mikono yake mwenyewe ikilivuta turubai Jumatatu ile asubuhi. Angesema kwamba alisukumwa, ingekuwa afadhali. Lakini hakusukumwa. Alisogea mwenyewe.

Nyumbani Caren alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa ameketi jikoni, sufuria ya maji inachemka na hakuna unga uliotiwa.

"Ni Byron?" akauliza.

"Ni Byron."

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Pale kanisani."

Caren akainuka, akapunguza moto, akasimama akiwa amempa mgongo.

"Jumapili tulikula pamoja. Jumatatu tukala pamoja. Ukaniuliza kama nyanya zimeiva. Wechuli, huyu ni ndugu yangu, wa tumbo moja, na mtu wa mwisho kujua ni mimi?"

"Nilitaka usiumie."

"Sasa siumii?"

Wechuli alitaka kumwambia kwamba alikuwa amejificha yeye mwenyewe, wala si kumficha Byron tu, kwamba aliogopa kuwa mtu wa kuja aliyewaletea wenyeji wake polisi. Maneno hayakutoka kwa mpangilio. Caren aliusonga ugali, akampakulia, akaketi naye mpaka akamaliza, lakini yeye mwenyewe hakula.

"Mimi sitakwambia useme nini Ijumaa," akasema akikusanya sahani. "Ukimtaja, nitalia. Usipomtaja, sijui nitakuangalia vipi. Kwa hiyo usiniulize."

Alhamisi asubuhi, Wechuli akiwa anafungua kibanda, alimwona mama mkwe wake anakuja kando ya barabara, kitambaa cheupe kichwani, anatembea kama anayekwenda mazishini. Kwa Waluo, kama ilivyo kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kuwekeana nafasi. Mama haingii nyumbani mwa mkwe hivi hivi, hali chakula chake bila sababu, wala hawakai wakitazamana. Katika miaka yote ya ndoa, Mama Dorca hakuwahi kukanyaga kibandani.

Wechuli akatoa kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka nje kivulini. Yeye akakaa kwenye jiwe, ubavu ukiwa umemwelekea, macho chini.

"Oyawore, ora," Mama Dorca akamwamkua. Ora, yaani mkwe wangu.

"Oyawore, Mama."

"Nimesikia neno wanalokuita. Huko sokoni wanalitamka kila mtu kwa namna yake. Nataka unieleze wewe."

Basi akamweleza. Aliitumia mifano yote aliyokuwa nayo, simu na kava, bibi harusi na mkoba. Alidhani sasa ataombwa anyamaze, aseme aliliokota lile gunia, aseme hakumwona aliyelileta. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Mama Dorca alisikiliza mpaka mwisho, akinyoosha pindo la gauni lake juu ya goti.

"Hiyo ni akili ya watu wa vitabu," akasema. "Mimi nilipokuwa msichana, ng'ombe akiibwa, aliyemfungua kamba na aliyemfunika kwa majani walikalishwa jiwe moja. Hakukuwa na wa kwanza na wa pili." Akaliacha lile pindo. "Lakini pia walirudi nyumbani pamoja, wakishamrudisha. Mtoto wangu yuko Muhoroni, kwa rafiki yake wa matrekta. Mimi nikienda atanikimbia. Ndugu zake wakienda watampiga. Wewe hajawahi kukukimbia."

"Mama, kesho lazima niseme jina lake."

"Najua. Mwambie hivyo hivyo. Asije akalisikia njiani."

Akainuka. Wechuli akasimama pia. Mama Dorca aliondoka bila kumshika mkono, kama ilivyo desturi, lakini alipofika ukingoni mwa barabara aligeuka akasema, "Ero kamano," asante, kisha akavuka.

Wechuli alifunga kibanda akaenda Muhoroni. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na matrekta yalikuwa yamepanga foleni ndefu kuelekea kiwandani, matrela yamebeba miwa mpaka inamwagika, hewa nzima inanuka sukari iliyoungua. Aliuliza huku na huku. Alimkuta Byron amelala chali chini ya trekta lililopasuka mpira wa mafuta, miguu peke yake inaonekana. Alivitambua viatu.

"Byron."

Miguu ikatulia. Kisha kijana akajivuta taratibu, uso umejaa grisi, akakaa kitako mchangani. Hakukimbia.

"Wamekushika?"

"Walinishika. Wakaniachilia. Injini wamerudishiwa wenyewe."

Byron akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Sikutaka kuiuza, shemeji. Ujue hivyo. Ile injini nimeilea mimi. Imewahi kuzimika katikati ya ziwa na upepo, nikaiwasha kwa meno. Mzee alikuwa akisema, Byron, siku moja utashika usukani. Halafu analeta mtoto wa dada yake, hajui hata mafuta yanachanganywa vipi. Nikasema basi, na waende kwa kasia."

"Ungemwambia Mzee."

"Nilimwambia. Alisema niwe mvumilivu, kazi yangu ni ya kusaidia." Akacheka bila furaha. "Ya kusaidia."

Wechuli akachuchumaa mbele yake. Miaka yote hiyo alidhani Byron alikuwa mtu wa mbele, mwenye maneno na vicheko, na yeye ndiye wa nyuma. Hakuwahi kufikiri kwamba hata kijana huyu aliishi pembeni mwa kitu cha mtu mwingine.

"Kesho asubuhi naenda kuandikisha taarifa," akasema. "Nitasema uliileta wewe. Nitasema pia kwamba nilijua Jumapili, na Jumatatu nikaifunika. Yote. Sikuja kukuomba ruhusa. Nimekuja ili ulisikie kutoka kwangu."

Byron akaangalia foleni ya matrekta. Dereva mmoja alipiga honi, mwingine akamjibu.

"Ungesema tu uliikuta imetupwa," akasema polepole. "Nani angejua?"

"Caren."

Hapo Byron akainamisha kichwa. Kisha Byron akasema lazima amalize ule mpira wa mafuta, mwenye trekta anasubiri, na akajirudisha chini ya chuma. Wechuli akaweka chini mikate aliyokuwa amemletea, karibu na viatu, akaondoka.

Ijumaa Caren alimsindikiza hadi kituoni. Alfajiri alikuwa amempigia pasi shati la Jumapili. Wechuli alieleza kila kitu mbele ya Sajini Nasambu, na alipofika kwenye jina la Byron akalirudia mara ya pili ili liandikwe vizuri. Nje, kwenye benchi, Caren alilia kama alivyoahidi. Wechuli alipotoka, akamkuta amekwisha kunawa uso bombani.

"Twende," Caren akasema, akamshika mkono hadharani, jambo ambalo si kawaida yake.

Byron hakuja siku ile. Hakuja Jumamosi pia, na Jumapili kanisani kiti cha Mama Dorca kilikuwa tupu. Kuna walioanza kusema kwamba mkwe wa kuja amemuuza mtoto wa watu. Wechuli aliyasikia. Aliimba sauti yake ya pili, akaenda nyumbani.

Jumatatu ndipo alipopigiwa simu na Mathews kwamba Byron yuko kituoni. Alikuwa amejileta mwenyewe, mama yake pembeni. Baadaye Caren alisimuliwa na mama yake jinsi ilivyokuwa: Byron alikuja nyumbani Jumapili wakati wa ibada, akala, akaoga, akasema, "Kama Accessories ameweza kuingia pale peke yake, mimi nitashindwaje?"

Kesi haikuchukua muda. Obiero alifika mahakamani akaomba Byron asamehewe. Hakimu alimsikiliza, akasema wizi ni wizi, lakini akampa Byron kifungo cha nje, afanye kazi za jamii, awe akiripoti. Wechuli, kwa vile alikuwa amesema ukweli, hakushtakiwa; aliitwa kama shahidi tu. Aliposhuka kizimbani Obiero alimfuata koridoni, akavua kofia.

"Jumapili ile kanisani," mzee akasema, "nilikuona umenikaribia. Nikadhani unataka kuniambia kitu."

"Nilitaka, Mzee. Nilishindwa. Nisamehe."

Obiero akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi nilimkosea yule kijana. Nilimwahidi jambo, nikampa mwingine kwa sababu ya damu." Akavaa kofia, akampa mkono, akaenda zake.

Maneno ya watu yalipungua kama yanavyopungua maji ya mvua barabarani, huku yamekauka, kule bado kuna tope. Mwanamke mmoja aliyekuwa mteja wake hakurudi tena. Mama Dorca aliendelea kumheshimu kwa mbali kama zamani, ila siku moja alimtuma mjukuu na kikapu cha viazi vitamu, bila ujumbe wowote.

Byron alipomaliza kazi za jamii alirudi Muhoroni, kwenye gereji ya matrekta. Huko walimpa sehemu yake na wanafunzi wa kuwafundisha. Na Wechuli hakuzungumza naye. Si kwa ugomvi, ni kwamba kila mmoja alisubiri mwenzake. Salamu zilipitia kwa Caren, zikafika zimepoa.

Kisha jioni moja ya Desemba, Wechuli akiwa nyumbani anamenya vitunguu huku Caren anasahihisha michoro ya watoto wake wa chekechea, simu ikaita. Akaangalia jina, akakausha vidole kwa suruali.

"Shemeji," sauti ya Byron ikasema, nyuma yake injini inanguruma kisha ikazimwa. "Uko salama?"

"Niko. Na wewe?"

"Niko." Caren aliinua macho, naye Byron akaendelea, "Nilitaka tu kujua, huko Kisian kumenyesha?"

Wechuli akasogea mpaka mlangoni, akaufungua, akatazama nje juu ya paa za mabati kuelekea ziwani, ili asimpe jibu la kubahatisha.

"Bado," akasema. "Lakini naona wingu linakuja."